Siku 21 za Amana: Mashine ya Kuangulia Mayai Nyumbani



Mwezi uliopita, baada ya swala ya Alasiri, walinijia barazani akina mama wawili wa mtaa mmoja, majirani wa ukuta kwa ukuta, ambao siku zote huonekana wakiongozana kwenda darsani na matangani. Siku hiyo kila mmoja alikaa mwisho wake wa mkeka. Kisa chenyewe kilikuwa mayai.

Mmoja wao ana mashine ndogo ya kuangulia, ile inayowekwa juu ya meza, ya mayai 56. Mwenziwe alimpelekea mayai 30 ya kuku wake wa kienyeji amwangulie kwa ujira. Siku 21 zilipotimia, walitoka vifaranga 7 tu. Mwenye mayai akasema ameharibiwa mali yake, na kwa hasira akaongeza neno zito, kwamba huenda mayai mengine yalibadilishwa. Mwenye mashine akajibu kuwa ameamka usiku na mchana, stima kailipa yeye, na ujira wake ni haki yake.

Sikusema neno la kukata shauri siku ile. Hukumu za ijara nimezisoma chuoni tangu ujana, lakini yai lililomo ndani ya mashine sikuwa nikilijua, na mtu hawezi kupatanisha watu katika kazi asiyoifahamu. Niliwaomba muhula wa wiki moja. Kisha nikamwita mke wangu, ambaye amefuga kuku tangu tulipooana, nikamwambia: leo wewe ndiwe mwalimu.

Jambo la kwanza aliloliuliza ni hili: "Yale 23 yaliyobaki yako wapi?" Kwa bahati njema yalikuwa hayajatupwa. Tukayapasua uani moja moja, mbele ya wote wawili. Mayai 9 yalikuwa meupe ndani, hayana dalili yoyote ya kiumbe. Mayai 4 yalikuwa na duara la damu, ishara ya kiumbe aliyekufa katika siku za mwanzo. Na mayai 10, jambo lililotuhuzunisha sote, yalikuwa na vifaranga waliokamilika, wenye manyoya, waliofia ndani ya ganda hali wamelowa. Kila ganda lilikuwa na alama ya penseli aliyoitia mwenyewe mwenye mayai, na alama zote 30 zilipatikana. Shaka ya kubadilishwa ikaanguka papo hapo. Likabaki swali moja: nini kiliyaharibu?

Makala haya ni jibu la swali hilo. Nimeyaandika kwa sababu mashine hizi zimeingia katika nyumba zetu, na wanaozinunua wengi ni akina mama wanaotafuta chumo la halali bila ya kutoka majumbani mwao.

Kazi kongwe kuliko stima

Kuna wanaodhani kuwa kuangua mayai bila kuku ni jambo la juzi. La. Tabibu na mwanachuoni wa Baghdad, Abdul-Latif al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1231, aliishi Misri karibu na mwaka 1200, na katika kitabu chake juu ya nchi hiyo akaeleza kwa kirefu namna Wamisri walivyokuwa wakiangua vifaranga katika matanuri maalumu yaliyopashwa moto wa samadi. Kazi hiyo ilikuwa ni biashara inayojulikana, yenye mafundi wake.

Mafundi wa matanuri hayo hawakuwa na kipimajoto. Hata katika zama zilizo karibu nasi wamekutwa wakipima joto la yai kwa kuligusisha kwenye ukope wa jicho, mahali ambapo ngozi ni nyepesi na hisia ni kali. Tanuri lilitoa joto, lakini aliyewatoa vifaranga ni yule mtu aliyekaa karibu nalo, akigeuza na kuchunga. Mashine ya leo ina hita, feni na saa, na bado inamhitaji mtu huyo.

Faida yake ni dhahiri. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kumi na kitu, kisha huatamia siku 21, kisha hulea wanawe kwa wiki nyingi kabla ya kutaga tena. Mayai yakiondolewa na kupelekwa mashinani, tembe hurudi kutaga mapema. Nyumba yenye kuku wachache hupata vifaranga wengi wa rika moja, wanaolishwa pamoja na kuchanjwa pamoja.

Gharama ya stima nayo hukadirika. Mashine ya wati 80, hata kama hita yake ingewaka mfululizo bila kupumzika kwa siku 21, ingekula yuniti 40 hivi. Kwa kuwa hita hujizima joto linapotimia, matumizi huwa chini ya hapo.

Mayai tisa yaliyokuwa meupe

Tuanze na yale 9. Yai halitoi kifaranga ila limepata jogoo. Mayai ya kuku wa kisasa yanayouzwa dukani kwa trei hutoka katika mabanda yasiyo na jogoo, basi anayeyatia mashinani anapika tu polepole. Kwa kuku wa nyumbani, jogoo mmoja mwenye nguvu hutosha majike 8 hadi 10. Jirani yetu alikuwa na jogoo mmoja, tena mzee, kwa majike zaidi ya 20.

Pili, alikuwa ameyakusanya mayai kwa zaidi ya wiki mbili, akiyaweka juu ya kabati la jikoni. Hapa ndipo hewa ya pwani inapotuhukumu. Yai lenye mbegu hulala usingizi likiwa mahali pa ubaridi, na mahali panapofaa kuliwekea ni penye nyuzi 13 hadi 18. Joto likipanda kupita nyuzi ishirini na kitu, mbegu huamka na kuanza kukua kidogo kidogo, bila kupata joto la kutosha kukamilika, hatimaye hufa. Nyumba zetu za Mombasa, Malindi na Lamu huwa na nyuzi 28 au 30 mchana, na jikoni ni zaidi. Kwa hivyo, yule anayeambiwa kuwa yai hustahamili siku 7 na ajue kuwa kwetu siku 3 au 4 ndizo za salama. Yawekwe chumba kilicho baridi kuliko vyote, sakafuni, mbali na jua, ncha nyembamba ikielekea chini. Wala yasitiwe katika friji, kwani baridi yake hupita kiasi.

Tatu, chagua mayai ya wastani, yasiyo na ufa wala umbo la ajabu. Yenye uchafu mdogo hupanguswa kwa kitambaa kikavu. Usiyaoshe, kwani ganda lina vitundu visivyoonekana, na maji huuingiza uchafu ndani.

Mayai manne yenye duara la damu

Haya yaliharibika katika wiki ya kwanza, na sababu zake hupatikana katika joto na katika kugeuza. Mashine yenye feni hutakiwa kuwa na nyuzi 37.5 hadi 37.8. Isiyo na feni huwekwa nyuzi 38.5 hivi, zikipimwa usawa wa mgongo wa yai. Usiamini namba za kwenye kioo cha mashine kwa mara ya kwanza tu. Chukua kipimajoto cha homa, kile cha betri, kiweke kando ya mayai ulinganishe. Washa mashine tupu kwa siku nzima kabla ya kutia yai hata moja, ili uione tabia yake usiku na mchana. Iweke katika chumba kisichopigwa na jua wala upepo wa dirisha.

Kugeuza ni kwa sababu kiumbe mchanga asije akagandamana na utando wa ganda. Kuku mwenyewe hulifanya hilo kwa mdomo wake mara nyingi kila siku. Kama mashine haigeuzi yenyewe, geuza mara 3 au 5 kwa siku. Hesabu iwe witiri, ili yai lisilale ubavu ule ule kila usiku. Alama ya penseli, msalaba upande mmoja na duara upande wa pili, itakuonyesha lipi limesahauliwa.

Siku ya 7, zima taa ya chumba umulike kila yai kwa tochi. Lililo hai huonyesha mishipa myembamba kama miguu ya buibui. Lililo jeupe halina kitu, na lenye duara jekundu limekwisha kufa. Ondoa haya mawili, kwani yai bovu huweza kupasuka na kuyachafua mengine. Yai lililogeuka damu, au ambalo kifaranga amefia ndani, haliliwi wala haliuzwi, bali hufukiwa. Na lile jeupe lililokaa wiki nzima katika joto, asithubutu mtu kulirudisha sokoni kama yai bichi la leo. Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta unyevu umefichwa chini, alimkemea mwenye mali na kuonya kwamba mwenye kughushi si miongoni mwake.

Vifaranga kumi waliokufa mlangoni

Hawa ndio waliotuuma. Walipita safari yote ya siku 20 wakafia kizingitini. Mke wangu akamuuliza mwenye mashine: "Maji ulitia vipi?" Akajibu kwa uaminifu kuwa alijaza mifereji yote miwili tangu siku ya kwanza, kama kijikaratasi kilivyoelekeza.

Kijikaratasi hakijui kama wewe uko Likoni au uko Nyahururu. Yai linahitaji kupoteza maji kidogo kidogo, kiasi cha asilimia 12 ya uzito wake hadi siku ya 18, ili chumba cha hewa kilicho upande wake mpana kipanuke na kifaranga apate pumzi yake ya kwanza humo. Hewa ikilowa mno, maji hayatoki, chumba hubaki kidogo, na kifaranga huzama katika ute wake mwenyewe. Kiasi kinachotakiwa ni unyevu wa asilimia 45 hadi 55 katika siku 18 za mwanzo. Sasa tazama: hewa ya pwani yenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80, ikipashwa moto hadi nyuzi 37.5 bila ya kuongezwa hata tone la maji, hubaki na unyevu wa asilimia 47 hivi. Yaani hewa ya kwetu imeshabeba maji yake. Mara nyingi mfereji mmoja mdogo hutosha, na wakati wa mvua huenda usihitajike kabisa.

Basi nunua kipima unyevu, nacho ukijaribu. Changanya kijiko cha chumvi na matone ya maji hadi kiwe uji mzito, kiweke katika kifuniko cha soda ndani ya mkebe uliofungwa vyema pamoja na kipimo, ulaze usiku mzima. Asubuhi kipimo kisome asilimia 75. Kikipita au kikipungua, utajua tofauti yake. Na asiye na kipimo aazime mizani ya dukani. Mayai 30 yenye uzito wa gramu 1,500 siku ya kwanza yanatarajiwa kuwa na gramu 1,320 hivi siku ya 18. Kama yamepungua gramu 90 tu, maji yamezidi.

Siku ya 18 mambo hugeuka. Acha kugeuza mayai, yalaze ubavu, na sasa ongeza maji hadi asilimia 65 au 70 ili utando usikauke ukamkaba kifaranga anapotoboa. Kisha funga usifungue. Kutoka tundu la kwanza hadi kutoka kamili huweza kupita saa 24, na katika saa hizo kifaranga anamalizia kufyonza damu na kiini kilichobaki. Mwenye kumbandua ganda kwa huruma mara nyingi humtoa damu akamuua. Haraka haraka haina baraka, na hapa hilo huonekana kwa macho. Aliyekwisha kutoka aachwe akauke humo humo. Kiini alichonacho tumboni humtosha siku mbili bila chakula.

Msisahau sisimizi, ambao harufu ya yai linalotoboka huwaita kutoka mbali. Kila mguu wa meza uwekwe ndani ya mkebe wa maji.

Stima ikipotea

Hili ndilo linalowatia hofu wengi. Kuku anayeatamia huondoka kiotani kila siku kula na kunywa, na mayai hupoa kidogo kisha akarudi. Kwa hiyo kupotea kwa stima saa moja au mbili si msiba. Usiifungue mashine. Ifunike kwa blanketi, ukiacha matundu ya hewa wazi, na ukikawia kuona mwanga, zungushia chupa za maji ya moto kwa nje. Katika siku za mwisho vifaranga wenyewe hutoa joto na huvuta pumzi nyingi, basi usiwazibe mno. Joto kuzidi ni hatari kuliko baridi, kwani nyuzi zikipita 40 kwa muda, huua haraka. Mwenye uwezo aweke betri ya akiba. Kufunga ngamia kwanza na kutawakali baadaye ni mafunzo ya Mtume wetu (s.a.w.), na betri ndiyo kamba ya ngamia huyu.

Mbawa za mama

Mashine humaliza kazi yake siku ya 21. Ya kwako huanza hapo. Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, lakini hufunikwa, na huyu hana wa kumfunika. Wiki ya kwanza ahifadhiwe katika nyuzi 33 hadi 35, zikipunguzwa nyuzi 3 hivi kila wiki. Wakirundikana pamoja wanaona baridi, wakitawanyika pembeni wakihema wanaona joto. Nakusihi mama mwenzangu katika imani, usiwashe jiko la makaa katika chumba kilichofungwa wanamolala watu au vifaranga, kwani hewa yake huua kimya kimya. Muone afisa wa mifugo wa wadi yako juu ya chanjo, hasa ya kideri, maradhi yanayoweza kufagia banda zima kwa siku chache. Na watoto wanaopenda kuwashika vifaranga waoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Imepokewa kuwa maswahaba safarini walichukua makinda mawili ya ndege, na mama yao akaja akipapatika juu yao. Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemhuzunisha ndege huyu kwa wanawe, akaamuru warudishiwe. Kuchukua yai ni halali kwetu. Lakini anayewatoa viumbe duniani kwa mashine, kisha akawaacha wafe kwa baridi na njaa, na afikirie atajibu nini.

Mapatano ya barazani

Wiki ilipotimia tulikaa tena. Niliwaeleza kwamba mwenye mashine amepokea mayai kwa mkono wa amana. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Kishafi, aliyeajiriwa kwa kazi kama hii hatozwi kilichoharibika mkononi mwake ila akivuka mpaka au akizembea. Yeye hakuzembea. Alifuata maelekezo aliyopewa, na ujinga wa kutojua maji umekwisha siku ile ile. Ujira alioafikiana naye kwa kila yai alilolitunza ni haki yake. Na mayai 9 hayakuwa na kitu tangu yalipotoka kwa mwenyewe.

Nikawaambia pia kwamba kosa lao kubwa lilikuwa kutokuandikiana. Anayetaka kuangulia watu na achague: ama ujira kwa kila yai litakalotunzwa siku 21, ama malipo kwa kila kifaranga atakayetoka, na kila moja lina mlango wake katika fikihi. Kulipana kwa nusu ya vifaranga watakaotoka tukuepuke, kwani ujira huo haujulikani wala haupo. Na tusiuze vifaranga waliomo ndani ya yai kana kwamba wameshatoka. Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza mimba ya mimba, kwa sababu ya hatari iliyomo. Yaandikwe: idadi ya mayai, tarehe yaliyotagwa, ujira, na kwamba yatamulikwa siku ya 7 mbele ya wote wawili.

Mwenye mashine, kwa hiari yake, akasamehe nusu ya ujira. Mwenye mayai akanyamaza kidogo, kisha akasema kuwa mayai si neno, ila lile tamko la kubadilishwa ndilo linalomlemea, akaomba msamaha nalo likaondoka. Mimi nimeona ndoa na mirathi zikivunjika kwa jambo dogo kuliko trei ya mayai, basi nilimshukuru Mola wangu.

Hivi sasa wametia mayai mengine 30, ya siku tatu, kutoka kwa jogoo mpya, na mfereji mmoja tu umetiwa maji. Leo ni siku ya 12. Wanayageuza kwa zamu, na daftari limetundikwa ukutani kwa uzi.

Mwenyezi Mungu azibariki kazi za mikono yetu, atupe riziki ya halali, na atuhifadhie ujirani wetu. Wabillahi tawfiq.